Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: sindano za diski

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Wagonjwa wa mgongo ninaowahudumia huniuliza kama ipo sindano ya kuwaepusha na kisu. Dawa yoyote ya kudungwa ndani ya diski, yaani kile kifuko laini kilicho kati ya pingili mbili za mgongo, itahitaji kibali chenu, hivyo nina ombi.

Habari hii ilianzia kwenye papai. Mwaka 1956, Lewis Thomas wa Marekani aliwadunga sungura papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, kwenye mshipa wa damu. Masikio yao yakaanguka, kwa kuwa gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika iliyoyasimamisha, ilikwisha kulegea. Siku chache baadaye yakasimama tena, isipokuwa kwa waliopewa pia kotisoni, dawa ya homoni. Daktari Lyman Smith akaona mlango: kinacholegeza gegedu si kitalegeza pia diski inayobana neva? Akajaribu kimopapaini, kimeng'enya kingine cha papai, kwenye diski za sungura, kisha, mwaka 1963, kwa binadamu.

Presha ya diski inatokana na maji yanayoshikwa na proteoglikani, molekuli za protini zenye minyororo ya sukari, katika kiini chake. Kimeng'enya kikizikata, maji hutoka, presha hushuka, neva inapata nafasi. Ukipima presha tu, utapiga makofi. Ukikata tishu na kuitazama kwa hadubini, utaona kiini kilichonyauka, na diski iliyopungua kimo huusukumia mzigo ukuta wake na viungo vidogo vya nyuma. Dawa ikipenya hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, wanyama huvuja damu humo. Marekani iliidhinisha kimopapaini mwaka 1982. Wakatokea waliopata mzio mkali, na wachache wakapooza. Mauzo yake huko yalikoma mwaka 2003.

Ombi langu: faili la kuomba kibali lisiloonyesha presha na tishu kwa pamoja, miezi kadhaa baada ya sindano, lirudishwe. Ulizeni pia ni mnyama gani, wa umri gani. Kiini cha diski ya sungura kina seli za notokodi, masalia ya hatua ya kiinitete, ambazo mtu mzima karibu hana tena. Diski ya sungura kijana ikijijenga upya, hiyo si ahadi kwa mbeba mizigo wa Kariakoo.

Sipingi sindano zenyewe. Japani iliidhinisha kondoliase, kimeng'enya kingine cha kudungwa kwenye diski, mwaka 2018, nayo hukata minyororo ya sukari ya proteoglikani bila kugusa protini. Ikiombewa kibali hapa, karatasi ya mgonjwa iandikwe Kiswahili, na itamke wazi kwamba diski yake inaweza kupungua kimo.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa fiziotherapia, Morogoro