Koroboi juu ya kinu

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na nimerudia kusoma pale ulipoandika kwamba aliyemuua mpwa wako anyongwe upesi, kabla machozi ya dada yako hayajakauka. Siwezi kukulaumu, kwani marehemu angekuwa wangu nami ningeandika vivyo hivyo. Lakini umeniuliza ninaonaje, ukijua kwamba niliwahi kuwa mzee wa baraza, raia anayempa jaji maoni, katika Mahakama Kuu hapa Tanzania, basi nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kesi yenyewe ilihusu mtu aliyevamiwa usiku nyumbani kwake, na shahidi mkuu alikuwa mjane wake, aliyesema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa koroboi. Wakili alimuuliza ilikuwa wapi, akajibu, "Juu ya kinu, karibu na mlango." Hakuna aliyemuuliza mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, wala yeye alikuwa amesimama umbali gani, nami niliyekuwa na ruhusa ya kuuliza nilinyamaza. Jaji alipotuuliza maoni, mzee mmoja baada ya mwingine, nilisema ana hatia. Baada ya kumtia hatiani, jaji alimsikiliza kwa adabu wakili aliyeeleza kwamba mteja wake ana watoto wadogo na hajawahi kufungwa, kisha akasema mikono yake imefungwa na sheria, kwa kuwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kiliweka adhabu moja tu, kifo, kwa mauaji ya kukusudia. Mambo yakaisha kabla chai yetu ya mapumziko haijapoa.

Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Rufani ilimwachia huru, kwa sababu ya koroboi ile ile. Tangu 1980, katika rufani ya mtu aitwaye Waziri Amani, mahakama hiyo ilikuwa imeonya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ndio dhaifu kuliko wote, nasi wazee hatukuwa tumelisikia onyo hilo, au labda tulilisikia likapita. Mjane yule hakumpata muuaji wa mumewe. Mtu yule naye alilala miaka mitatu akisikiliza funguo za askari.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, hata hivyo majaji wameendelea kuitamka hukumu hiyo. Mwaka huo huo Jaji Mwalusanya aliamua kule Dodoma kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikairuhusu iendelee, hoja ambayo mpaka leo hainiingii akilini. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hapo Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo kunavunja haki ya kuishi, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita.

Huko kwenu Kenya, ambako hakuna aliyenyongwa tangu 1987, Mahakama ya Juu ilimfungua jaji mikono katika kesi za mauaji mwaka 2017. Kwa hiyo mwambie dada yako asiahidiwe kitanzi na mtu yeyote, kwani atakingoja uzeeni. Ahudhurie kila siku ya kesi, na shahidi akisema alimwona mtu gizani, amwombe mwendesha mashtaka aulize taa ilikuwa wapi, na mwanga wake ulifika wapi.

Masika yakiisha nitakuja Mombasa kuhani.

Wako daima.