Mama Gift, usiingie Mbuyuni tarehe 24

Moshi, 6 Desemba

Mama Gift mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima, bibi anaendelea vizuri, na Baba Kelvin anakusalimia sana. Nimeona nikuandikie kirefu, maana kwenye simu tungekatishana tu. Unasema Krismasi watu watakuwa 20, unapanda huku tarehe 22, halafu manunuzi yote utayafanya soko la Mbuyuni tarehe 24 asubuhi. Hapo nimeshtuka.

Tarehe 24 mji mzima uko sokoni. Kila aliyepanda kutoka Dar anataka vitunguu vilevile na ndizi zilezile, bei imepaa, na vilivyo bora vimebebwa alfajiri. Utarudi nyumbani saa nane, umechoka, na hata mchele hujachambua. Nitumie hela wiki hii nikuchukulie vitu vikavu, wewe ukifika ubaki na ndizi, nyama na mboga tu.

Mchele wa pilau nitachukua kilo 3. Kwa kuwa kuna na machalari, yale ya ndizi na nyama, kilo moja inatosha watu wanane, na kidogo kitabaki cha watoto kesho yake. Ukipatikana wa Mabogini au Chekereni nitauchukua, ila nitauliza kwanza kama ni mpya. Mchele mpya bado una unyevu: kikombe kimoja kinataka supu ya nyama kikombe kimoja na nusu, ukizidisha unapata bokoboko. Wa zamani unakunywa karibu vikombe viwili. Usiku wa tarehe 23 pika kikombe kimoja tu cha majaribio, utajua.

Vitunguu nitachagua vya Mang'ola, vyenye shingo kavu iliyofunga. Kile chenye shingo mbichi kinaanza kuoza kwa ndani na kuambukiza vya jirani, kwa hiyo ukivipokea vimwage kwenye tenga, usiviache kwenye mfuko wa plastiki. Viungo nitanunua vizima, si vya unga. Vya unga hujui vimekaa dukani tangu lini. Kwa kilo 3 za mchele: binzari nyembamba vijiko 3 vya chakula, iliki 15, karafuu 10, mdalasini vijiti 3, pilipili manga kijiko kimoja. Kaanga kidogo bila mafuta, kisha twanga.

Sasa ndizi, maana ndizo zinazonikosesha raha. Nunua mshare tarehe 23, si kabla na si baada. Ukinunua mapema zinaanza kuiva na machalari yatakuwa matamu. Ukingoja 24 utabaki na zile changa. Ndizi iliyokomaa imejaa, kona zake zimefifia. Changa ina kona kali, na ukiipika inatoa maji na ukakasi. Wala usiuziwe ndizi za kuivisha ati kwa kuwa nazo bado za kijani. Hesabu 3 au 4 kwa mtu mzima, mkungu mmoja mzuri unatosha. Nyumbani utundike kivulini, mbali na maembe na maparachichi yaliyoiva, kwa sababu tunda lililoiva linatoa hewa inayoivisha mengine. Usitie ndizi kwenye friji.

Kumenya, paka mafuta mikononi na kwenye kisu ili utomvu usigande. Kila unayomenya itumbukize papo hapo kwenye maji yenye limao, ikae imezama. Inayoelea juu ndiyo inayopata weusi.

Nyama weka oda buchani mapema, uchukue tarehe 24 asubuhi: kilo 2 steki kwa pilau, kilo 2 za mifupa kwa machalari. Chemsha zote jioni ileile na chumvi, tangawizi na vitunguu swaumu, kila moja na sufuria yake. Hapo ndipo kazi ya Krismasi inapokuwa nyepesi. Ikifika tarehe 25 supu ipo na nyama imelainika. Ndizi zinataka kama dakika 40 tu kwenye ile supu ya mifupa, pamoja na karoti, hoho na nyanya. Zikishaanza kulainika usizikoroge na mwiko, shika sufuria utikise, la sivyo zitapondeka na utakuwa umepika mtori. Supu iliyobaki igawe kwenye bakuli pana ipoe haraka kabla ya kuingia kwenye friji. Ukiiacha kwenye sufuria refu inakaa na joto usiku kucha, asubuhi imechacha.

Pilau usiipike kwenye gesi. Moto wa gesi unapiga katikati, na sufuria la kilo 3 litaungua chini huku juu mchele haujaiva. Tumia jiko la mkaa, na maji yakikauka palia makaa juu ya mfuniko. Rangi inatoka kwenye vitunguu, kwa hiyo vikaange kwa mafungu. Ukivijaza vyote kwa pamoja vinatoa maji na kuchemka, havigeuki kahawia.

Siku nyingine usijichoshe. Loweka maharage kilo 2 usiku, chemsha, gawa mafungu matatu: moja liungwe kwa nazi mkale na wali tarehe 24, jingine lipondwe liwe kiburu tarehe 26 pamoja na ndizi zilizobaki (unaona, ndizi tena!), la tatu ligandishe. Nyanya nazo, kilo 3, zisage na uzichemshe na vitunguu na mafuta mpaka maji yaishe. Rojo hilo linakaa kwenye friji siku kadhaa, na kila mboga utaiunga kwa dakika kumi.

Halafu mtungi wa gesi. Mwagia maji ya moto ubavuni, kisha pitisha kiganja: sehemu inayobaki ya baridi ndiyo yenye gesi. Kama ubaridi uko chini kabisa, badilisha kabla ya tarehe 24, usije ukakuta maduka yamefungwa.

Niambie sasa: sufuria kubwa unalo, au nikuazimie la kwa Mama Nai? Mkwe bado hali ng'ombe? Kama hali, nitafute kuku wa kienyeji mapema, maana naye anataka saa nzima na zaidi jikoni. Dada wa kazi anabaki au anakwenda kwao? Friji lile limetengenezwa? Na tiketi umekata, au bado unangoja? Hela ya mchele na viungo itume kabla ya Jumamosi, nimeshaongea na mama wa vitunguu aniwekee.

Wako,
Mama Kelvin