Wajukuu zangu mnaosema "ticha hafundishi", naomba mnisikilize

Wajukuu zangu wa kidato cha tatu na cha nne, hasa nyie wa shule za kata, hamjambo.

Jambo hili nimekaa nalo kifuani wiki mbili na nimeona nikiendelea kunyamaza nitaumwa. Jumamosi ya juzi vijana watatu walikuwa wamekaa kibarazani kwangu hapa Makambako, mmoja mjukuu wangu wa damu na wawili wa nyumba za jirani, wanasoma darasa moja. Wameinamia simu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikajua labda mpira, nikaomba na mimi nione. Kumbe ni mwalimu wao wa Biolojia, wamemrekodi kwa kificho yuko ubaoni, kakosea kutamka neno moja la Kiingereza, wamelikata hilo neno linajirudia rudia na wameliwekea muziki, na tayari limeshazunguka kwenye magrupu. Nikawauliza mnamfanyia hivi mtu mzima mwenye watoto kwa nini? Mjukuu wangu akanijibu bila wasiwasi wowote, "Babu, huyo ticha hafundishi, ni kilaza tu."

Sikubishana naye. Nikasema nendeni kaleteni madaftari yenu ya Biolojia, wote watatu.

Wakaleta. Madaftari masafi kweli, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari imepigwa na rula, jani limechorwa na kupakwa rangi ya kijani vizuri. Nikafungua ukurasa wa osmosisi, maana mimi nimefanya kazi maabara ya hospitali ya wilaya zaidi ya miaka 30, hiyo mada naijua. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, nawatafsiria kama ilivyo: osmosisi ni kusafiri kwa maji kutoka sehemu yenye ambazo hufunguka mchana na kufunga usiku. Nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Nikachukua daftari la pili, sentensi ileile. La tatu, ileile, na nukta mwishoni. Mwalimu kampa monita daftari lake aandike ubaoni, monita kafunua kurasa mbili kwa pamoja, kaanza na osmosisi kaangukia kwenye vitundu vya jani, na darasa la watoto 80 na zaidi wakakopi hivyohivyo. Tangu mwezi wa tatu! Hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole akasema jamani hii sentensi haieleweki.

Sasa niambieni, mwalimu kakosea kutamka neno moja mmecheka wiki nzima, nyie mmeandika kitu kisicho na maana kwa mkono wenu wenyewe mkakipigia na mstari mwekundu, na hamjui kama mmekiandika. Nilikasirika mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nikamwomba kiazi. Kwetu huku viazi sio shida. Nikakikata katikati, vipande viwili, kila kipande nikakichimba shimo juu kwa kijiko, nikaviweka kwenye sahani. Shimo moja nikatia chumvi kijiko kimoja, lingine nikaliacha tupu. Nikawaambia kaeni tupige stori. Haikupita muda mrefu ile chumvi ikaanza kulowa, na asubuhi yake walipopita shimo lilikuwa limejaa maji na kiazi kimelegea, kile kingine shimo kavu. Nikawauliza maji yametoka wapi, hakuna mtu aliyemwagia. Yule mdogo wao, ambaye siku zote ni mkimya, akakibonyeza kile kiazi kwa kidole akasema yametoka humohumo ndani, chumvi imeyavuta. Nikamwambia ndo hiyo sasa, maji yanatoka pale yalipo mengi na chumvi kidogo yanapita kwenye utando wa seli kwenda kwenye chumvi nyingi. Ndo maana kachumbari ukiitia chumvi inatoa maji. Ndo maana ukirundika mbolea kwenye mche wa mahindi unakauka na ardhi bado ina unyevu. Akasema, "Babu, kumbe ndo hii?" Ndo hii mwanangu, na ulikuwa nayo kwenye daftari miezi yote hiyo.

Hili la kukopi notisi ndilo linaloniuma kuliko yote na nitalisema mpaka mchoke. Mnaamini mkishaandika mmesoma. Mtu anajaza daftari mbili, mkono unamuuma, analala na amani kabisa kwamba leo kapiga msuli. Hujapiga msuli, umefanya kazi ya mashine ya fotokopi. Mwalimu anayeingia na kuandikisha notisi dakika 40 halafu anatoka bila kueleza anakukosea, sikatai, hiyo sio kufundisha na nitamsema popote. Lakini ukishatoka hapo una jioni yako. Chukua notisi zako, funga daftari, mweleze mdogo wako kwa Kiswahili, mweleze hata ng'ombe ukiwa unamkamua. Ukikwama mahali ujue hapo ndipo hujaelewa, weka alama. Na usione aibu kuelewa kwanza kwa Kiswahili. Msingi mmesoma kwa Kiswahili, sekondari mmetupwa kwenye Kiingereza siku moja kama mtu kutupwa mtoni, na wengi wa walimu wenu walitupwa hivyohivyo. Elewa kwa Kiswahili, kisha jifunze kukisema kwa Kiingereza, maana pepa itakuja kwa Kiingereza na haitakuuliza nani alikufundisha.

Naongea hivi kwa sababu na mimi nilipita huko. Mwaka 1981 nikiwa kidato cha tatu, bweni, mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa katikati ya mwaka na hakuja mwingine. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha juzijuzi, hali ngumu, sabuni shida, mafuta ya taa shida, madaftari shida. Sisi tukakaa tunalalamika, vipindi vya Fizikia tunalala juu ya madawati. Rafiki yangu mmoja akagundua kuna mwalimu wa shule ya msingi kijijini pale amesoma mpaka kidato cha sita mchepuo wa sayansi. Akawa kila Jumamosi anampelekea mzigo wa kuni, yule mwalimu anamfundisha Fizikia kwa muda wa saa mbili. Aliniita twende wote. Nikamwambia siwezi kwenda kufundishwa na mwalimu wa msingi. Matokeo yalipotoka mwenzangu ana C, mimi F. Hiyo F ilinifungia kidato cha tano niliyokuwa naitaka, nikaanza kazi kwa kuosha chupa za maabara, na ilinichukua miaka mingi ya kubembeleza mpaka nikapelekwa kusoma. Sijawahi kumlaumu aliyemhamisha yule mwalimu kama ninavyojilaumu kwa zile Jumamosi nilizolala.

Kwa hiyo mwalimu akiwa dhaifu, au hayupo kabisa, fanyeni haya.

Tafuta silabasi ya somo, hiyo ndo mkataba wako. Inasema mada zote unazotakiwa kuzijua, sio zile tu ambazo mwalimu kapenda. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unasoma bure. Past pepa na muundo wa mtihani vipo kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Na kuna kitu kingine hapohapo NECTA ambacho nikiwauliza vijana kumi hakuna anayekijua, ni ile taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kila mwaka. Wanaeleza swali hili wengi walikosea wapi na kwa nini, wanaweka na mfano wa jibu zuri na jibu bovu kama yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Hiyo ni sauti ya anayesahihisha inakwambia anataka nini. Bando la kutazama video za watu wanacheza mnalo, la kupakua hiyo mnalo pia.

Unda kundi la diskasheni la watu wanne watano, wasizidi hapo, wakizidi inakuwa kijiwe.

Kumuuliza mwalimu nako kuna namna yake. Ukinyoosha kidole mbele ya watu 80 ukasema "sijaelewa", mwalimu asiyejiamini anasikia umesema hajui kufundisha, anakufokea, darasa linacheka, na hutauliza tena maisha yako yote. Mfuate akiwa peke yake, hata chini ya mparachichi pale nje ya ofisi, na daftari mkononi, umsalimie vizuri, umwonyeshe mstari. "Shikamoo mwalimu, hapa mstari wa tatu hii 5 ilikuwa chanya, ilivyohama imekuwa hasi, naomba unielekeze." Wengi watakuelekeza. Nimeona walimu wakali kama pilipili wakiulizwa hivyo wanakaa chini na kalamu wanakuchorea. Na kama hajui, atakwambia njoo kesho, usiku ataenda kusoma, na wewe utakuwa umelifundisha darasa zima.

Asiyeingia darasani kabisa, hilo ni jambo la kuripoti. Kuna klasi jono pale, ile karatasi ya vipindi ya darasa, kazi yake ni kuonyesha kipindi kipi kimefundishwa. Nasikia mamonita wanajaza kwamba mwalimu kaingia wakati hakuingia, kwa kumwogopa au kwa sababu kawaomba. Mwanangu monita, ukijaza uongo pale umewaibia wenzako 80 ushahidi wao. Jaza ukweli, mpelekee akademiki, yule mwalimu wa taaluma, kwa adabu, asipofanya kitu nenda kwa mkuu wa shule, mwambie na mzazi wako aliseme kwenye kikao mbele ya bodi. Wathibiti ubora wakija wanaangalia hayo makaratasi.

Na anayebakiza nusu ya mada ili mkaimalizie kwenye tyusheni yake ya kulipia, huyo anawauzia mali yenu wenyewe. Lisemwe na wazazi, sio nyie.

Mabinti zangu, nanyi nina neno, na hapa sina mzaha hata kidogo. Mwalimu anayekwambia uje na daftari kwake jioni peke yako akuelekeze, au anakuahidi maksi, huyo usimweke kwenye kundi la walimu wasiojua kufundisha. Huyo ni mhalifu. Chini ya miaka 18 sheria inaita kubaka hata kama ulikubali, na anayempa mwanafunzi mimba kifungo chake ni miaka 30. Mwambie mama, mwambie shangazi, mwambie mwalimu wa kike unayemwamini, nenda dawati la jinsia polisi. Usinyamaze kwa sababu ya maksi, wala kwa sababu amekwambia hakuna atakayekuamini. Mimi nitakuamini.

Sasa nigeukie na sisi wakubwa kidogo, maana hawa watoto hawakuanza wenyewe. Shule za kata zilijengwa kwa haraka, na ni jambo jema zilijengwa, bila hizo wengi wenu msingevuka darasa la saba. Ila majengo yalitangulia na walimu wakafuata kwa kusuasua, mkumbuke miaka ile walichukuliwa vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani, watu wakawabandika jina la voda fasta na kuwacheka, badala ya kuuliza nani kawapeleka hivyo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 zaidi ya nusu ya watoto walipata divisheni ziro, nchi nzima ikalia, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, na tukarudi kulala. Hisabati mpaka leo wanaofaulu kila mwaka hawafiki nusu. Na mpaka leo kuna shule mwalimu wa Hisabati ni mmoja kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, unategemea afanyeje? Sisi wazazi ndo kabisa. Kikao cha harusi tunafika wote na mchango wa laki tunatoa, kikao cha shule tunamtuma dada wa kazi akasaini mahudhurio. Tangu waseme elimu bila ada tumeelewa elimu bila mzazi.

Yule mwalimu wa Biolojia nilimtafuta. Sio kumshtaki, nilitaka kumjua. Ni kijana, hana hata miaka 30, kapanga chumba kimoja, meza ina rundo la madaftari ya kusahihisha linafika kidevuni. Anafundisha Biolojia mikondo yote na wamemwongezea Kemia ambayo hakuisomea, kwa sababu hakuna mtu. Video ameiona. Alitumiwa na mdogo wake wa Mbeya. Hakunisemea lolote baya kuhusu watoto, aliniuliza tu, "Mzee, na wewe uliiona?" Nikashindwa kumwangalia.

Nilimweleza habari ya ile sentensi. Akafungua daftari lake, akaziona zile kurasa mbili zimegandana kwa chai, akaweka mkono kichwani. Kesho yake aliingia darasani akairudia osmosisi yote, mjukuu wangu ndiye aliyeniambia, na safari hii aliandika mwenyewe.

Mjukuu wangu, video umeifuta kwenye simu yako, nimeona. Kwenye magrupu bado ipo. Nenda huko kote ulikoituma ukaombe waifute, kisha uende ofisini kwake ukamwombe radhi, mimi nitakusindikiza mpaka getini ila ndani utaingia peke yako.

Na nyie wengine mnaosoma hii mlio hapa jirani, Jumamosi saa nne asubuhi nipo kibarazani. Njooni na madaftari ya Biolojia na Kemia, na kila mtu aje na sentensi moja aliyoikopi ambayo haielewi.

Babu yenu,
Makambako