Barua ya wazi kwa wauzaji wa gemu na wachezeshaji wa PS jijini Nakuru

Wanangu mnaouza gemu barabara ya Kenyatta na vichochoro vyake, nanyi mnaochezesha PS, yaani mashine za gemu za PlayStation, kule Kaptembwa, Rhonda, Bondeni na Free Area, salamu zangu ziwafikie nyote.

Shule zikifungwa, vibanda vyenu hujaa tangu asubuhi hadi giza liingie, na wengi wa wanaojaa humo ni watoto wa shule ya msingi. Ndiyo maana nawaandikia mapema. Ombi langu ni kwamba gemu iliyotengenezewa watu wazima asiuziwe mtoto wala asichezeshwe, na utaratibu huo uanze kwenye kaunta zenu, pasipo kungoja Bunge.

Najua kuna atakayeuliza, "Mzee, sheria inayonizuia ni ipi?" Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, nami naona hilo linatosha. Lakini tazameni pia yaliyotokea Marekani. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 kuzuia watoto wasiuziwe gemu za ukatili mkubwa. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2011 majaji 7 dhidi ya 2 wakaifuta kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo sheria hiyo haikuwasaidia. Hata hivyo, tume ya serikali inayolinda wanunuzi huko ilikuwa ikituma vijana wadogo madukani kimyakimya wajaribu kununua gemu zenye alama ya M, yaani za miaka 17 kwenda juu. Mwaka 2000, vijana 85 katika kila 100 waliuziwa. Ripoti ya 2011 ilipotoka, walikuwa 13 tu. Kilichobadilika ni wauzaji. Waliwafundisha wahudumu wao, wakaweka alama mahali pa kuonekana, na kwenye maduka mengi mashine ya malipo ikawa inamkumbusha mhudumu aulize umri. Waingereza walipita njia nyingine: tangu tarehe 30 Julai 2012, kumuuzia mtoto gemu yenye alama ya 12, 16 au 18 kabla hajafika umri huo ni kosa la jinai. Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja, kwa mtu anayepokea pesa.

Niseme pia jambo ambalo wazee wenzangu baadhi hawatalipenda. Siungani na wanaotaka gemu zipigwe marufuku zote. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhusisha gemu na uhalifu wa kikatili, na kikaonya watu waache kuzisingizia. Hoja yangu ni nyepesi kuliko hiyo. Gemu ya GTA V ina mahali ambapo mchezaji mwenyewe ndiye anayemtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti. Ina ukahaba, ina dawa za kulevya. Walioitengeneza hawakumkusudia mtoto wa gredi ya 4, na waliandika hivyo kwenye kava. Sisi ndio tunaolisoma kava na kulipuuza.

Sasa tuingie kazini. Sidi zinazofika Nakuru hutoka pande nyingi, na hapo ndipo wauzaji wengi huchanganyikiwa. Zile za Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya zina mraba wenye nambari pembeni chini ya kava: 3, 7, 12, 16 au 18. Huo ni mfumo wa PEGI, ulioanza 2003. Mraba wa kijani ni 3 na 7, wa rangi ya machungwa ni 12 na 16, mwekundu ni 18. Nyuma ya kava kuna vipicha vidogo vinavyoonyesha sababu: ngumi ni ukatili, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. Zile za Marekani hufuata mfumo wa ESRB, wenye herufi nyeusi kwenye kisanduku cheupe: E ni ya wote, E10+ ni miaka 10, T ni 13, M ni 17, na AO ni watu wazima pekee.

Mtego upo kwenye sidi za Ujerumani. Alama yao ni ya umbo la almasi na rangi zao ni nyingine kabisa: 6 ni njano, 12 ni kijani, 16 ni buluu, 18 ni nyekundu. Mhudumu aliyezoea kwamba kijani ni ya watoto wadogo atamkabidhi mtoto wa miaka saba gemu ya miaka 12 bila kujua. Mfundisheni mhudumu asome nambari, rangi aiache.

Nambari nazo hupishana. Tekken 7, gemu ya kupigana, na WWE 2K19, gemu ya mieleka, zimepewa T huko Marekani, yaani miaka 13, lakini Ulaya zimepewa 16. Mkikuta hivyo, fuateni kubwa. Mieleka inapendwa sana na wavulana wa gredi ya 5, najua, na hapo ndipo mtakapobishana zaidi. Shikilieni msimamo.

Sidi ya mtumba isiyo na kava isiuzwe kwa kubahatisha. Mara nyingi nambari imechapishwa kwenye sidi yenyewe. Kama imefutika, andika jina la gemu kwenye tovuti ya PEGI au ya ESRB, jibu linakuja mara moja, kisha ubandike karatasi juu ya bahasha. Na gemu iliyonakiliwa na kuongezwa vitu na watu wasiojulikana, hiyo ichukulieni kuwa ya 18 hata kama asili yake ni ya chini, kwa sababu aliyeipima hakuviona vilivyoongezwa.

Kwenye rafu, za 16 na 18 zikae nyuma ya kaunta, juu, na mbele yabaki makava matupu. Mteja wa 18 aonyeshe kitambulisho. Wa 12 na wa 16 hana kitambulisho, basi muulizeni yuko gredi ya ngapi na alizaliwa mwaka gani. Msimuulize ana miaka mingapi, kwa maana hilo kila mtoto amejiandaa nalo. Mwaka wa kuzaliwa unamlazimu apige hesabu, na akianza kutazama dari mmeshapata jibu. Gredi ya 6 wengi wana miaka 11 au 12, gredi ya 9 wana 14 au 15.

Mzazi akija mwenyewe, uamuzi ni wake. Kazi yenu ni kugeuza kava, kumwonyesha vipicha vya nyuma na kumwambia kwa maneno mawili kilichomo. Wengi wanadhani kila gemu ni kitu cha kuchezea, na wakishaambiwa hurudisha wenyewe.

Wa vibanda, kwenu kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu gemu zimo ndani ya mashine na kava hakuna. Mtoto anashika padi, anateremka kwenye orodha, anachagua anachotaka. Tengeni mashine. Kama mna PS nne, tatu ziwe za watoto na moja ya watu wazima. Kwenye PS4 ingieni kwenye mipangilio, mtafute "Parental Controls", kisha vizuizi vya mashine. Nambari ya siri inayokuja na mashine ni 0000, na kila mtoto mjanja wa Kaptembwa anaijua, kwa hiyo ibadilisheni kabla ya kitu kingine chochote. Kisha wekeni kiwango cha umri wa gemu. Kisha zuieni kufungua mtumiaji mpya na mgeni. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na vijana wakikuta mlango mmoja umefungwa hujaribu kupitia mtumiaji mpya. Nambari mpya iandikwe kwenye daftari lako nyumbani, maana ukiisahau itabidi mashine ifutwe yote na kila kilichohifadhiwa kipotee.

PS3 ina utaratibu unaofanana, chini ya mipangilio ya usalama, nayo pia huanza na 0000. Huko kiwango hupimwa kwa nambari 1 hadi 11, na 1 ndicho kikali zaidi. Wengi hudhani kinyume chake, wakaweka 11, wakafungua kila kitu.

Ukimaliza, usiamini tu. Chomoa, washa upya, fungua gemu ya 18. Isipodai nambari ya siri, hujafunga. Mashine zilizofunguliwa ili zicheze nakala zinaweza kukuangusha hapa, na kama kufuli haishiki, ondoa gemu hizo kwenye mashine ya watoto kabisa.

Skrini ya watu wazima isitazame mlango wala benchi la wanaosubiri. Mtoto aliyekaa nyuma akitazama saa nzima ameshiba yote hayo bila kugusa padi.

Halafu kuna mpira. FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ina alama ya 3, na kwa umri huo sina neno. Lakini vibandani humo humo ndimo watoto wanapowekeana pesa, wewe mwenye kibanda ukishikilia dau na kumkabidhi mshindi. Hiyo ni kamari, na sheria ya Kenya hairuhusu kamari kwa aliye chini ya miaka 18. Alama ya kwenye kava haiwezi kuliona hilo, kwa sababu linafanyika nje ya skrini. Naumia kuliko yote kwa hili, maana pesa yenyewe mara nyingi ni nauli au ya chakula cha mchana. Mkatae kushika dau. Mkiona sarafu zinapita chini ya benchi, zimeni mashine.

Wauza simu, kwenu ni fupi: mnaopakia gemu kwa flashi au kurusha faili kutoka simu hadi simu mnapita nje ya kizuizi cha Play Store, ambacho hata kikiwekwa hakiondoi gemu iliyokwisha kuingia. Muulizeni anayeipokea simu ni nani.

Mtaniambia mkimkataa mtoto atavuka barabara aende kwa jirani. Ni kweli, na ndiyo sababu nimewaandikia ninyi nyote badala ya mmoja. Mwenye agrovet hamuuzii mtoto dawa ya kunyunyizia hata kama jirani atamuuzia. Hata hivyo sitaki mbaki mkipoteza wateja peke yenu. Kutaneni kwa mtaa, hata watu watano, mkubaliane orodha moja ya gemu na umri wake, ibandikwe ukutani kila kibanda kwa maandishi makubwa. Tumieni alama ambazo wazazi wameshazizoea kwenye filamu za hapa nyumbani: GE, PG, 16, 18. Anayekuja na malalamiko aonyeshwe orodha, na aone jirani ana orodha hiyo hiyo.

Wa maduka, toeni sidi zote leo mzitenge. Wa vibanda, 0000 ibadilishwe usiku huu kabla hamjafunga.

Mzee wenu,
Nakuru