Barua kwa mwanangu: yule mzee wa mkono mfukoni

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua kama kawaida yake kila masika, na mdogo wako siku hizi anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani tukiwa kwenye daladala, hadi konda anacheka. Hofu yetu ni kwako na baridi ya Songea.

Madhumuni ya barua hii ni kuamua ugomvi wenu wa bwenini. Umeniandikia kurasa nzima kuhusu mzee wa Kituruki aliyepiga bastola mkono mfukoni kwenye Olimpiki ya Paris 2024, halafu mstari mmoja tu kuhusu hesabu. Hilo nimeliona, tutaliongea. Kwa kuwa simu shuleni hamruhusiwi, nimewatafutia mimi, usiku wa zamu wodi ilipotulia.

Aliyesema mzee alichukua dhahabu amekosea. Mzee huyo, Yusuf Dikeç, alipata medali ya fedha, tena hakuipata peke yake. Alikuwa na mwenzake wa kike, Şevval İlayda Tarhan, kwenye bastola ya upepo ya mita 10 ya timu mchanganyiko, Julai 30, 2024. Waliowashinda ni Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec, 16 kwa 14. Kwenye mashindano ya wanaume peke yao, yaliyotangulia, Dikeç alikuwa wa 13, na wanaoingia fainali ni wanane tu. Dhahabu hiyo aliibeba Xie Yu wa China kwa pointi 240.9, na Mwitaliano Federico Nilo Maldini akawa wa pili kwa 240.0. Tena yote hayo hayakufanyika Paris penyewe. Uwanja wa shabaha ulikuwa Châteauroux, zaidi ya kilomita 250 kusini.

Na huyo rafiki yako anayesema mzee ni muuaji wa kukodiwa, mwambie apunguze filamu. Alikuwa askari wa jandarma, yaani polisi wa kijeshi, kwao, alikuwa na miaka 51, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Tangu Beijing 2008 alikuwa anakwenda na kurudi mikono mitupu, na Uturuki nzima ilikuwa haijawahi kupata medali ya Olimpiki ya kulenga shabaha. Watu waliona picha moja wakadhani kaingia akitokea kunywa kahawa. Hata Duplantis wa Uswidi, yule wa kuruka kwa upondo, alipovunja rekodi ya dunia siku chache baadaye aliigiza mkao ule ule. Nilicheka. Lakini wewe umeandika kwamba unampenda kwa sababu "hajali", na hapo ndipo nimeona nikae na wewe kidogo.

Mkono ule uko mfukoni kwa kazi. Sheria za bastola zinataka mkono mmoja tu, kifundo cha mkono bila kushikizwa na kitu. Viatu navyo haviruhusiwi kufunika kifundo cha mguu, mtu asije akajifunga asiyumbe. Sasa mkono wa pili, ukiuacha unaning'inia, unacheza na kuuchezesha mwili wote. Ndiyo maana wengine wanaupachika kwenye mkanda na wengine wanautia mfukoni. Ukitazama picha za wapinzani wake utawaona nao mikono yao iko huko huko. Alichowazidi ni kukosa mapambo: wenzake wengi walivaa miwani yenye kitundu kidogo cha kusafisha picha na kizibo cha jicho la pili, yeye alivaa miwani ya kawaida na kulenga kwa macho yote mawili. Vizibo vya masikio hata hivyo alivaa, ni vidogo tu havionekani vizuri.

Kitu wanachokilenga, mwanangu, kinachekesha. Duara la katikati, lenye pointi kumi, lina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati lako la shule, nawe umesimama mita 10. Kirisasi ni cha milimita 4.5. Na jicho halitakiwi kuliangalia hilo duara! Mpigaji anakazia macho ncha ya mbele ya bastola yake, shabaha anaiacha iwe ukungu mweusi kule mbali. Akishaanza kuitamani shabaha, ncha inampotea na risasi inakwenda pembeni. Nilisoma hilo mara mbili nikidhani nimekosea.

Jaribuni wenyewe hapo bwenini. Bastola ya upepo haitakiwi kuzidi kilo moja na nusu, nyingi zina kama kilo moja. Chukueni chupa ya maji ya lita moja, mtu ainyooshe kwa mkono mmoja usawa wa macho, asiitikise. Mtaona inavyocheza. Hata aliye bingwa mkono wake unacheza, moyo ukipiga unaufikia hadi ncha. Alichojifunza ni kuubana mchezo huo uwe mdogo, halafu kuvuta triga yenye uzito wa nusu kilo polepole kiasi kwamba mlio unamkuta njiani.

Hapo kwenye moyo mimi muuguzi napajua. Unakumbuka vidonge vya propranolol alivyokuwa akimeza babu yako? Vinapunguza kasi ya moyo, na mikono inayotetemeka inatulia. Mkimbiaji vingemrudisha nyuma, lakini kwenye bastola ni wizi, na vimepigwa marufuku. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipata medali ya fedha ya bastola ya mita 50 na ya shaba ya mita 10 kule Beijing 2008. Alipopimwa akakutwa navyo, akanyang'anywa zote mbili. Ukisikia mtu anasema huu si mchezo kwa kuwa hakuna anayekimbia, mwambie hivyo.

Kilichonikaa zaidi, na ndicho ninachotaka ukisome taratibu, ni muda. Katika mchujo wa wanaume wanapiga risasi 60 na wanapewa dakika 75. Mbona nyingi hivyo? Kwa sababu mtu anaruhusiwa kuinua mkono, kulenga, asiridhike, akaushusha bila kupiga. Hakuna anayemkata pointi. Anapumzika, anapumua, anainua tena. Ukitazama mchujo mzima badala ya vipande vya sekunde kumi utaona kushusha kwingi. Wale wakubwa wanashusha bila haya mbele ya dunia nzima. Anayejilazimisha kumalizia kwa kuwa keshainua ndiye anayepata saba.

Ni kama kutafuta mshipa wa mtoto mchanga aliyeishiwa maji. Sindano iko mkononi, mama yake analia, daktari anasubiri, kila kitu kinakwambia choma. Muuguzi aliyekomaa anauachia ule mkono mdogo, anaupasha joto, anautafuta upya. Wanafunzi wetu wanaona hiyo ni woga.

Fainali ndiyo inawanyima raha hiyo. Wanane wanaanza sifuri, wanapiga risasi tano tano mara mbili, kisha risasi moja moja kwa sekunde 50, na kila baada ya risasi mbili wa mwisho anatolewa hadi zifike 24. Huko wanahesabu hadi desimali, bora kabisa ni 10.9. Ukimkumbuka Simbu wetu na yule Mjerumani kwenye marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, muda wao ukaandikwa sawasawa hadi ikabidi picha iamue, basi hawa wanaishi hivyo kila risasi.

Jin Jong-oh wa Korea Kusini alikuwa anatafuta dhahabu ya tatu mfululizo ya mita 50, Rio 2016. Katikati ya fainali akapiga 6.6. Kwa kiwango kile hiyo ni aibu, na nusura atolewe. Wengine wangefungasha. Yeye akarudi kwenye risasi iliyofuata, na iliyofuata, akapanda mmoja baada ya mwingine hadi akampita Hoàng Xuân Vinh wa Vietnam, 193.7 kwa 191.3. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mita 50 kuonekana Olimpiki, wameiondoa. Wanaume sasa wamebaki na mita 10 na ile ya haraka ya mita 25, ambayo raundi zake za mwisho ni risasi tano kwa shabaha tano ndani ya sekunde nne. Hiyo sitaieleza, inanipa kizunguzungu.

Huyo Vinh usimwonee huruma. Siku chache kabla alikuwa amechukua dhahabu ya mita 10, ya kwanza kabisa ya Vietnam katika Olimpiki.

Na kuna mtu wa kada yangu: Javad Foroughi wa Iran, muuguzi, alichukua dhahabu ya mita 10 ya Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 41. Nilifurahi, kisha nikasoma malalamiko ya watu kuhusu kikosi cha kijeshi alichokitumikia, furaha ikapungua. Ninayempenda mimi ni Nino Salukvadze wa Georgia. Rio 2016 alishindana yeye, na mwanawe Tsotne akashindana upande wa wanaume, wote bastola. Mama na mwana Olimpiki moja, haikuwahi kutokea. Hawakurudi na medali. Ningetoa nini niwe mle ukumbini nimwone yule mama akitazama zamu ya mwanawe!

Sasa ombi lako. Hapana, sikununulii bastola, hata ya plastiki. Silaha hapa kwetu ni kibali cha polisi na wewe bado mtoto wa shule, na mimi nimeosha vidonda vya risasi vya kutosha, sitaki kuona chuma hicho kwenye begi lako. Hata Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako sisi Watanzania tunakwenda, iliuacha mchezo huu Birmingham 2022, Wahindi wakakasirika kwelikweli, na Glasgow 2026 haumo. Lakini kuupenda na kuuelewa sikukatazi. Likizo ukija tutazitazama fainali nzima kwenye simu yangu, bando nitanunua mimi, ukishanionyesha karatasi za hesabu.

Hizo hesabu, kwa kweli, mwalimu wako kaniambia unazijua ila unajibu kabla hujamaliza kusoma swali. Sitasema zaidi.

Sweta na sabuni nimempa konda wa basi la Songea pale stendi ya Magufuli, anaondoka Alhamisi. Kaulizie Ijumaa, usichelewe. Bibi anakusalimu na anauliza kama unakula.

Mama yako