Barua kwa wanangu wasindikaji: chakula kiko kwa nani?

Wanangu wa siagi ya karanga, achari na unga wa lishe, kuanzia Tandika hadi Buguruni, marahaba nyote.

Nimewasikia tena mkiulizana, "Kwani siku hizi chakula kiko kwa nani?" Yaani, ofisi gani ya serikali inavisimamia vyakula vyetu. Swali hilo mimi lilinigharimu lebo elfu mbili. Juni 2019 nilizichapisha Kariakoo, za pilipili ya chupa, zina namba ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, nikajisifu nimepata bei ya jumla. Julai 1 Sheria ya Fedha ikaanza kazi: chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango, TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Mwenye duka wangu hakutaka tena kuiona namba ile. Nikakesha na wembe na beseni la maji ya moto, nabandua chupa moja moja. Gundi ile! Hadi leo kucha zinanikumbuka.

Mabibo External kwa TFDA ya zamani na Ubungo kwa TBS ni pua na mdomo, lakini majalada yakihama, mazoea hubaki nyuma. Tulizoea mkaguzi wa sakafu, maji na kucha za wafanyakazi. Kiwango cha bidhaa tulikijua kama shughuli ya ofisi nyingine. Sasa jengo na kilichomo ndani ya kopo, pamoja na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga zenu, vyote viko meza moja. Na bwana afya wa manispaa hakuhama, msimsahau.

Kilichoniuma zaidi ni mlango mabadiliko yalikopitia. Sheria ya chakula ya 2003 ilirekebishwa ndani ya hiyo Sheria ya Fedha, sheria ya bajeti, wakati sisi kila Juni masikio yetu yako kwenye bei ya soda. Kamati ya Bunge hupokea maoni kabla muswada haujapita. Sijawahi kuona mtu wa ndoo na mizani akienda. Mwaka huu tuchangie nauli ya Dodoma, wawili waende.

Tena acheni kumfanya mkaguzi mjomba. Leo yupo, kesho kahamishwa, na ujomba wenu kaondoka nao. Muulizeni kifungu, ada na kumbukumbu namba ya malipo. Asiyekuwa nayo mpeni kiti; chai akanywe kwake.

Jumamosi kikaoni kila mmoja aje na cheti chake na chupa moja yenye lebo. Wembe ninao.

Bibi yenu wa pilipili