Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: Mjukuu si mkalimani wa hospitali

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia kutoka Witu, kaunti ya Lamu, baada ya kuingojea sana ahadi uliyotupa barazani kwamba kila zamu katika hospitali za umma itakuwa na mtu wa kuwatafsiria wagonjwa wasiojua Kiswahili wala Kiingereza. Siku hiyo ulipigiwa makofi, na yangu yalikuwamo.

Wiki iliyopita mama yangu, aliyezaliwa na kuzeekea katika Kiorma, alishikwa na maradhi ya kizazi. Alipanda matatu hadi Mokowe, akavuka kwa boti hadi hospitalini Amu, yaani kisiwani Lamu, akisindikizwa na binti yangu wa darasa la sita kwa kuwa mimi nilikuwa kazini. Daktari akauliza, mtoto akatafsiri. Na maswali yenyewe, Mheshimiwa, yalikuwa yale ambayo kwetu mwanamke mzima humnong'oneza mwanamke mwenzake. Mama alinyamaza kwa haya, mtoto akajibu alivyodhani, na dhana zake zikaandikwa katika faili kama maelezo ya mgonjwa. Kisha ikaletwa fomu ya ridhaa, Kiingereza kitupu, naye akatia dole gumba bila ya mtu kumsomea. Hadi leo hajui alichofanyiwa, wala dawa alizopewa ni za nini.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Bila shaka nakala unayo ofisini. Siwalaumu wauguzi, maana ni wachache na wengine wametoka mbali. Huenda fedha za wakalimani ndizo hukatwa kwanza, kwa sababu mkalimani hazinduliwi kwa kukatiwa utepe.

Tafadhali usituelekeze Nairobi, kwani Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma hizi. Vijana waliosoma, wanaozungumza Kiorma, Kisomali na Kiaweer, wako hapa hapa wakitafuta kazi. Waajirini, hata mmoja kwa zamu, mwanamke kwa wodi ya wanawake. Ndiyo ahadi ile ile, hatujaongeza kitu.

Mama anatakiwa kurudi kliniki mwezi ujao. Ninaomba amkute huko mtu mzima anayejua Kiorma, kwa sababu mwanangu nimeshamkataza kwenda.

Wako mwananchi,
Mkaazi wa Witu